Baada ya Kifua Kuugua: Mwongozo Kamili wa Kurudisha Nguvu kwa Ayurveda, kwa Wakazi wa Mwanza na Ufukwe wa Ziwa

Homa imeshuka, dozi imeisha, daktari amesikiliza mapafu na kusema yanaendelea vizuri. Lakini mgonjwa mwenyewe bado hajarudi. Akipanda kilima kidogo anashika ukuta, alfajiri anakohoa mpaka machozi yanamtoka, na chakula anakitazama tu. Ni wakati huu ambapo familia nyingi za hapa Mwanza, kwa mapenzi mema kabisa, humrudisha mtu wao nyuma. Anapikiwa ugali mkubwa na kichwa cha sangara ili damu irudi, ananunuliwa soda baridi ya kumtia nguvu, na kabla wiki haijaisha yuko tena kwenye soko la samaki la Mwaloni na magunia ya dagaa begani, au yuko ziwani usiku kucha. Siku chache baadaye kifua kimembana tena.

Ayurveda, tiba ya kale ya India, imekitazama kipindi hiki kwa makini sana. Haimchukulii mtu aliyetoka kwenye homa kuwa amepona. Anarudishwa kwa ngazi: maji kwanza, kisha uji, kisha nafaka laini na kunde, kisha chakula cha kawaida, na kazi mwisho kabisa. Naamini kwa dhati kwamba hii ndiyo sehemu ya Ayurveda yenye faida kubwa kwetu, kuliko vidonge na chupa zinazouzwa kwa jina lake. Na karibu kila kitu inachohitaji kiko sokoni kwetu: choroko, mchele, samli, tangawizi, asali, mafuta ya ufuta.

Maandiko yake makuu, Charaka Samhita na Sushruta Samhita, yana umri wa takriban miaka 2,000. Hapa Afrika Mashariki imekuja na familia za Kihindi, nyingi zikiwa na asili ya Gujarat, jimbo ambalo Shirika la Afya Duniani lilianzisha Kituo chake cha Kimataifa cha Tiba Asili mwaka 2022, katika mji wa Jamnagar. Kituo hicho ni cha kuchunguza tiba za asili kisayansi, kwa hiyo uwepo wake haumaanishi kwamba kila kinachoitwa Ayurveda kimethibitishwa. Baadhi ya mambo nitakayoeleza yana ushahidi wa kitabibu, mengine ni desturi ya busara isiyo na madhara, na machache ni ya kuogopwa. Nitasema lipi ni lipi.

Kabla ya yote: hakikisha ugonjwa umetibiwa

Mwongozo huu ni wa mtu mzima ambaye ameshaonwa na mtoa huduma za afya, homa imekwisha au inaisha, na kilichobaki ni kurudisha nguvu. Haukai mahali pa dawa. Ukiwa umeandikiwa antibayotiki, maliza dozi hata kama kifua kimefunguka siku ya tatu.

Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi. Homa ikirudi usikimbilie tangawizi, pima malaria kwanza. Kikohozi kilichofika wiki mbili, hasa kikiambatana na kukonda, jasho la usiku au makohozi yenye damu, kipimwe kifua kikuu. Kipimo na dawa zake ni bure katika vituo vya serikali, na hakuna kiungo chochote cha jikoni kinachoua vimelea vya kifua kikuu.

Mpeleke mtu hospitali mara moja akipumua kwa shida hata akiwa amekaa, midomo ikigeuka rangi ya bluu au kijivu, akichanganyikiwa, akipata maumivu makali ya kifua, au homa ikirudi baada ya kuwa imeshuka. Kama una kile kipimo cha oksijeni cha kidoleni, namba ikiwa chini ya 94 nenda ukaonwe siku hiyohiyo, na ikiwa chini ya 90 ni dharura. Kwa mtoto, hesabu pumzi zake dakika nzima akiwa ametulia: pumzi 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 12, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia. Mkiwa Ukerewe, Ukara au kisiwa kingine, amueni mapema. Hali ikianza kubadilika mchana, msingoje mpaka kivuko cha mwisho kimeondoka.

Namna Ayurveda inavyouona mwili uliotoka kwenye homa

Ndani ya tumbo, inasema Ayurveda, kuna moto wa kusaga chakula, unaoitwa agni. Homa inaufifisha. Chakula kizito kikiingia wakati moto ni hafifu hakisagwi vizuri, na kinaacha masalia mazito yanayonata, yanayoitwa ama, ambayo huziba njia za mwili, zikiwamo njia za pumzi. Halafu kuna hali tatu zinazoongoza mwili: vata, yenye tabia ya upepo na ukavu, pitta, yenye tabia ya moto, na kapha, yenye tabia ya maji na uzito. Makohozi mengi na kifua kizito ni kapha. Kikohozi kikavu kinachokwaruza, usingizi wa mang'amung'amu na uchovu wa kutetemeka ni vata.

Daktari wa hospitali hatatumia maneno haya, na huna haja ya kuyaamini ili unufaike. Yachukue kama namna ya kuangalia. Mgonjwa asubuhi akutolee ulimi kabla hajapiga mswaki. Ukiwa na utando mweupe mnene, pumzi inanuka, na hana njaa, mpe vitu vyepesi. Ulimi ukianza kuonekana wekundu wake, njaa ikaja yenyewe na choo kikatulia, panda ngazi moja.

Hatua ya kwanza: maji ya moto, siku nzima, kidogo kidogo

Hili ni jepesi na watu hulidharau. Chemsha lita moja na nusu ya maji pamoja na kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba, kilichopondwa. Acha yachemke taratibu mpaka yapungue kidogo, mimina kwenye chupa ya chai. Mgonjwa anywe nusu kikombe kila baada ya muda, yakiwa ya moto anayoweza kuyameza bila kupuliza. Maji ya moto hulainisha makohozi na kutuliza koo, na tangawizi hupunguza kichefuchefu. Maji ya friji, soda, juisi za baridi na aiskrimu vikae kando kwa sasa. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo aliyewekewa kipimo cha maji kwa siku afuate kipimo chake.

Maji yawe yamechemshwa kweli, hasa kwa wanaochota ziwani.

Hatua ya pili: ngazi ya chakula

Hapa ndipo penye moyo wa jambo zima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ayurveda hupima uji wa mchele kwa wingi wa maji. Wa kwanza ni mwembamba kabisa: sehemu moja ya mchele kwa sehemu kumi na nne za maji. Osha nusu kikombe cha mchele, weka kwenye sufuria na vikombe saba vya maji, chumvi kidogo na vipande viwili vya tangawizi. Pika kwa moto mdogo. Hutafuti wali uliorojeka. Unataka punje zipasuke, zichanue kama ua, na maji yageuke meupe yenye mnato mdogo, yakidondoka kwenye mwiko kwa uzi na si kwa bonge. Siku ambayo mgonjwa hana hamu kabisa, chuja umpe yale maji meupe peke yake, yanaitwa manda. Kesho yake mpe maji pamoja na punje zake; huo ndio peya. Bizari ya pilau, ile nyembamba, ukikaanga kidogo ukaitwanga na kuinyunyiza juu, inaleta harufu inayoamsha njaa.

Akishamaliza bakuli bila kulazimishwa, panda hadi uji mzito: kikombe kimoja cha mchele kwa vinne vya maji. Sasa ongeza samli, kijiko kimoja cha chai. Samli ya Usukuma, ile inayotengenezwa nyumbani kwa maziwa ya ng'ombe na yenye harufu yake ya moshi, inafaa kabisa. Ayurveda inaiheshimu samli kuliko mafuta yote, ila inaitoa kwa kipimo na baada ya utando wa ulimi kuondoka, si mgonjwa akiwa bado na homa.

Kisha choroko. Katika jamii yote ya kunde, Charaka anaipa choroko nafasi ya juu kwa sababu ni nyepesi tumboni, na supu yake ndiyo chakula cha kawaida cha anayetoka kwenye homa. Sisi tunaoishi katika kanda inayolima choroko kwa magunia, tukaiacha ili tumnunulie mgonjwa biskuti, tunakosa bahati iliyo mlangoni. Loweka robo kikombe usiku kucha, mwaga maji, pika kwa vikombe vinne vya maji mapya mpaka zivunjike zenyewe. Choroko zilizopaazwa na kutolewa maganda, ambazo hupatikana kwenye maduka ya Kihindi mjini, hazihitaji kulowekwa muda mrefu na huiva haraka. Katika kijiko cha samli kaanga bizari nyembamba, kitunguu saumu punje mbili, tangawizi na manjano robo kijiko cha chai. Bizari ikianza kupasuka mimina kwenye choroko, funika mara moja harufu isitoroke. Chumvi, ndimu kidogo kama koo haliumi. Supu iwe ya kunywa.

Baada ya hapo unaunganisha mchele na choroko, sehemu mbili kwa moja, unapika laini, unapata mseto. Mtu anaweza kuishi kwa mseto, mboga laini kama boga, mlenda au mchicha, na supu, kwa siku kadhaa bila kudhoofika, kwa sababu nafaka na kunde vikiliwa pamoja vinatoa protini iliyokamilika zaidi kuliko kimoja peke yake.

Samaki je? Ayurveda huhesabu samaki kuwa mzito na mwenye kuongeza kapha, lakini hapa nasimama na mwili unaojijenga upya: unahitaji protini. Mseto ukishakaa tumboni bila kujaa gesi, mpe supu ya sato mdogo, ya kuchemsha na tangawizi na pilipili manga, bila kukaanga. Sangara mwenye mafuta na dagaa wa kukaanga wafuate baadaye. Ayurveda pia inakataza samaki na maziwa kwenye mlo mmoja. Kufuata katazo hilo hakukugharimu kitu. Maziwa mgando yasiliwe usiku wakati bado kuna makohozi. Ugali wa udaga (unga wa muhogo) au wa mahindi urudi ukiwa mdogo, mchana, siyo usiku.

Mpaka lini kwenye kila ngazi? Kwa mafua yaliyomshusha mtu, siku moja moja inatosha. Kwa nimonia, mbili au tatu. Lakini sikiliza: aliyekonda sana, mjamzito, mzee, mtoto, anayetibiwa kifua kikuu au anayeishi na VVU asikae kwenye maji ya uji. Apande haraka mpaka choroko, samli, mayai na samaki, maana kwake njaa ni hatari kuliko uzito wa chakula. Mwenye kisukari naye aegemee supu ya choroko, apunguze uji wa mchele, na apime sukari kama kawaida.

Kula mara tatu, wakati uleule, mlo mkubwa uwe wa mchana jua likiwa juu, wa usiku uwe mdogo na mapema.

Hatua ya tatu: viungo, kulingana na aina ya kikohozi

Kosa la kawaida ni kumpa kila mtu mchanganyiko uleule mkali. Kikohozi chenye makohozi na kikohozi kikavu vinataka vitu tofauti.

Kwa makohozi mengi, Ayurveda inatumia trikatu, yaani vikali vitatu: tangawizi kavu, pilipili manga na pilipili ndefu ya Kihindi inayoitwa pipali, kwa vipimo sawa, vikisagwa unga. Pipali utaikuta kwa wauza viungo wa Kihindi. Ukiikosa tumia viwili vilivyobaki. Robo kijiko cha chai cha unga huo, ukichanganywa na kijiko kimoja cha asali, mara mbili kwa siku baada ya kula, yatosha. Usizidishe. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia aache kabisa, atumie tangawizi mbichi kidogo kwenye chai.

Asali yenyewe ina ushahidi mzuri wa kupunguza kikohozi, hasa kwa watoto waliozidi mwaka mmoja. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 asipewe asali hata ya kulamba, kwa hatari ya sumu ya botulismi. Ayurveda inakataza asali kupikwa au kuwekwa kwenye kinywaji kinachotokota, kwa hiyo iongeze kikombe kikiwa cha uvuguvugu. Ya Tabora inafika kwa wingi Mwanza. Nunua kwa muuzaji unayemjua, maana kuna inayochanganywa na sukari.

Kwa kikohozi kikavu, vikali hivyo vitamkwaruza zaidi. Hapa yanafaa maziwa ya manjano: kikombe cha maziwa, nusu kijiko cha chai cha manjano, kipande cha mdalasini, iliki moja, pilipili manga chembe mbili tatu, vichemke dakika tano, na mwisho nusu kijiko cha samli. Yanywewe jioni, saa moja baada ya mlo. Pilipili manga ina kazi yake humo: piperini iliyo ndani yake husaidia mwili kufyonza kurkumini ya manjano. Lakini uwezo huohuo unaweza kupandisha kiwango cha baadhi ya dawa mwilini. Anayetumia dawa za kifafa, za kuzuia damu kuganda, ARV au za kifua kikuu abaki kwenye kiasi cha mboga, na amwambie daktari au mfamasia wake kabla ya kuanza unga wa viungo kila siku.

Mtulsi, mmea mtakatifu kwa Wahindu ambao baadhi yao huupanda kwenye chungu nyumbani, ndio unaopendwa kwa chai ya kifua. Kivumbasi chetu ni cha ukoo mmoja nao, ingawa si mmea uleule. Majani matano sita ya mtulsi kwenye maji ya tangawizi ni chai nzuri.

Hatua ya nne: mvuke, koo na pua

Watu wetu wanajua kujifukiza, na Ayurveda nayo ina utaratibu wake wa kutoa jasho kwa mvuke, unaoitwa svedana. Mvuke unafungua pua na kumfanya mtu ajisikie nafuu. Hauui virusi wala bakteria ndani ya mapafu. Nalisema hili wazi kwa sababu nimewaona watu wakikaa ndani ya blanketi mpaka wanazimia wakiamini wanachoma ugonjwa.

Teremsha sufuria kutoka jikoni, iweke chini mahali tambarare, watoto wakiwa nje. Subiri dakika mbili tatu povu litulie. Mtu aketi, uso uwe umbali wa urefu wa rula ya shule, taulo jepesi kichwani, macho yamefumbwa, dakika tano hadi kumi, mara moja au mbili kwa siku. Majani ya mkaratusi yanatosha matatu manne. Mtoto mdogo asifukizwe kabisa. Ajali za kuungua maji ya moto ni nyingi na ni mbaya. Mwenye pumu ajaribu mvuke mtupu bila majani, na aache akihisi kubanwa. Mwenye homa, mjamzito na mwenye presha wasifukizwe chini ya blanketi.

Kwa koo, sukutua: glasi ya maji ya uvuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi, manjano kidogo. Mara tatu kwa siku, teme.

Kwa pua iliyokauka na kuunguzwa na vumbi la kiangazi la Juni hadi Agosti, chovya ncha ya kidole kidogo kwenye mafuta ya ufuta ya uvuguvugu, paka ndani ya tundu la pua tu. Utaona maelekezo ya kumimina matone ya mafuta puani huku kichwa kimelala nyuma. Mtu aliyetoka kuugua mapafu asifanye hivyo, kwani mafuta yakiteremka kwenye mapafu yanaweza kuleta nimonia ya mafuta, ambayo ni shida kuitibu. Na anayetaka kuosha pua kwa maji ya chumvi atumie yaliyochemshwa yakapoa, kamwe yasiwe ya ziwa wala ya bomba moja kwa moja.

Hatua ya tano: mafuta, kuoga na usingizi

Homa ikiisha kabisa, na ulimi ukiwa safi, mafuta ya ufuta yana raha yake. Pasha vijiko vitatu vya chakula kwa kuweka kikombe ndani ya maji ya moto. Sugua mgongo kutoka kiunoni kwenda mabegani, kifua kwa mduara, na nyayo kwa muda mrefu kuliko kote. Acha robo saa, kisha aoge maji ya moto ndani, ajifute na kuvaa kabla hajatoka upeponi. Kuoga ziwani kungoje, kwa ubaridi na kwa kichocho pia.

Ayurveda hukataza usingizi wa mchana kwa wenye afya, lakini inauruhusu kwa aliyedhoofika na mwenye shida ya pumzi. Alale, ila kabla ya mlo wa mchana, na aegemee mito miwili mitatu ili makohozi yasimkabe. Kikohozi kisizuiwe kinapokuja, wala chafya. Maandiko yanaonya dhidi ya kuzuia haja za mwili, na kwa mtu mwenye makohozi ni onyo la maana: yatoke, ateme kwenye karatasi na kuitupa.

Ondoa moshi. Jiko la mkaa litoke nje ya chumba anacholala, mchana na usiku. Kwa mwanamke anayebanika sangara, hili ndilo gumu kuliko yote niliyoandika, maana tanuri ndiyo riziki. Hata hivyo, kwa wiki zile za kwanza mwenzake akae kwenye moshi na yeye akae kwenye kupanga, kuhesabu na kuuza.

Hatua ya sita: pumzi, kutembea na kurudi kazini

Asubuhi na jioni akae wima, mabega yameshuka. Avute hewa kwa pua kwa hesabu ya mbili, aitoe taratibu kwa midomo iliyobanwa kidogo kwa hesabu ya nne. Dakika tano. Baada ya siku chache aongeze bhramari, kutoa pumzi kwa mvumo wa nyuki midomo ikiwa imefungwa. Mazoezi ya kupumua kwa nguvu na kasi, kama kapalabhati na bhastrika, yasiguswe mpaka apande kilima bila kikohozi.

Kuhusu kazi, Charaka anasema waziwazi: aliyetoka kwenye homa ajiepushe na mazoezi, tendo la ndoa, kuoga na kuzunguka huku na huko mpaka nguvu zirudi. Kuoga maji ya moto mimi nimekuruhusu. Mengine naona yana hekima. Nguvu zikianza kurudi, kipimo cha Ayurveda cha mazoezi ni nusu ya uwezo, na dalili ya kwamba nusu imefika ni jasho la paji la uso au mtu kuanza kupumulia mdomo. Hapo aketi.

Mwanza ni mji wa miamba. Anayekaa Mabatini, Igogo au juu Isamilo hawezi kwenda dukani bila kupanda. Kwa hiyo mpango uanze tambarare: siku za kwanza kuzunguka uani, kisha kwenda mpaka barabarani na kurudi. Akishaweza robo saa ya tambarare akiwa anaongea bila kukatika, ndipo aanze ngazi za mawe, akipumzika kila zinapokata kona. Mzigo wa kichwani au begani uje baada ya hapo.

Chupa na vidonge vya dukani

Hapa naomba msomaji awe mkali. Ayurveda ina tawi linalotengeneza dawa kwa madini, zikiwamo zebaki na risasi. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2004 ulipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani Boston na kukuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Usinywe unga au kidonge ambacho hakina orodha ya viambato, mtengenezaji, wala usajili. Hapa nchini kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa zao. Uliza usajili kabla hujatoa pesa. Mwenye kujibu kwa hasira umemjua.

Chyawanprash, ile jamu nyeusi ya tunda la amla, imejaa sukari, haimfai mwenye kisukari bila hesabu. Urukususu hutuliza koo, lakini ukitumiwa kila siku hupandisha presha na kushusha potasiamu. Ashwagandha, mzizi wa Kihindi unaouzwa kama wa kuongeza nguvu, imehusishwa na madhara ya ini kwa baadhi ya watu, na mjamzito asiitumie. Manjano ya unga yenye rangi kali kupita kiasi yaepuke, kwani kumekuwa na visa huko Asia vya kuyaongezea rangi yenye risasi. Nunua mizizi mizima ukasage mwenyewe.

Utarajie nini, na lini

Kikohozi baada ya mafua makali kinaweza kubaki wiki tatu hadi nane huku kikipungua. Baada ya nimonia, homa huisha kwa takriban wiki moja, makohozi na maumivu ya kifua hupungua sana kufikia wiki ya nne, kikohozi na pumzi fupi kufikia wiki ya sita, na uchovu unaweza kuwa bado upo hata baada ya miezi mitatu. Kama kila wiki si nafuu kuliko iliyopita, rudi hospitali. Mvutaji sigara na aliyepita miaka 50 aulizie picha ya kifua baada ya wiki sita hata akijisikia vizuri.

Wavuvi wa dagaa wana nafasi ambayo wengine hawana. Kazi yao inataka giza, na mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi mingi hukaa ufukweni. Aliyeugua nimonia aache giza la kwanza lipite bila yeye, na la pili kama bado anahema. Akirudi aanze na kazi za nchi kavu, kurekebisha nyavu na kuandaa taa. Usiku wake wa kwanza ziwani avae koti la kuzuia upepo, abebe chupa ya maji ya tangawizi, na kamba za kuvuta wavu zishikwe na wenzake.